Ua wa Minyaa Katika Udongo wa Kano

SWALI: Nina kiwanja karibu na Ahero ambacho nimeamua kukizungushia minyaa, mmea ambao sisi huuita ojuok, kwa kuwa seng'enge ni ghali na mbuzi hawauli mmea huo. Wakati wa mvua za masika nilichomeka matawi mabichi siku ile ile nilipoyakata, lakini mengi yameoza kuanzia chini. Nifanyeje? Tena, ni kweli kwamba maziwa ya mmea huu, yaani utomvu wake mweupe, hupofusha? — Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, matawi yako yameponzwa na mambo mawili yaliyokutana, yaani kidonda kibichi na maji yaliyotuama. Mnyaa huweka akiba ya maji ndani ya vijiti vyake vya kijani, ambavyo pia ndivyo vinavyoutengenezea chakula, kwani vijani vyake vidogo hupukutika mapema. Kwa hiyo hustahimili ukame kwa muda mrefu, ila hauvumilii kukaa na miguu majini, na udongo mweusi wa uwanda wa Kano, huko kwenu Ahero, hushika maji sana.

Kata matawi yaliyokomaa, yenye unene wa kidole gumba, kisha uyalaze kivulini penye hewa kwa muda wa wiki moja hivi, mpaka sehemu iliyokatwa ifunge na kukauka kabisa. Inua tuta kando ya mpaka, ulichanganye na mchanga, na usubiri mvua kubwa zipungue ili upande udongo ukiwa na unyevu tu. Nafasi ya sentimita 30 inatosha. Usimwagilie mpaka uone machipukizi. Ua ukishashika, upogoe kila mwaka, kwa maana mnyaa ulioachwa huwa mti wa mita kadhaa, nao huacha mapengo chini ambamo mbuzi hupenya.

Kuhusu maziwa, hofu yako ni ya haki. Yakiingia jichoni huleta maumivu makali, hujeruhi mboni na huweza kumnyima mtu uwezo wa kuona, mara nyingi kwa muda. Osha jicho papo hapo kwa maji mengi safi, kwa dakika 15 au zaidi, kisha uende hospitali hata kama maumivu yametulia. Anayepogoa avae miwani, glavu na mikono mirefu, wala asijipanguse uso.

Liko jambo jingine ambalo wazazi wa kanda ya ziwa wanastahili kulijua. Watafiti wamehusisha utomvu huu na saratani ya Burkitt, aina ya saratani ya tezi za limfu, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 alipokuwa Uganda, na ambayo huwapata hasa watoto. Virusi vya Epstein-Barr na malaria ndivyo vinavyotajwa zaidi kuwa visababishi vyake, na haijathibitishwa kwamba mnyaa peke yake huileta. Hata hivyo, mimi nisingekubali watoto wavunje vijiti vyake kuvichezea. Panda minyaa kwenye mpaka wa mbali, kando ya barabara na malisho, na upande unaotazama uwanja wa nyumba uweke kayaba, ambayo miiba yake huzuia mbuzi vilevile.