Amevunjwa paja na dume la tajiri: haki ya mchungaji iko wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kaka yangu anachunga ng'ombe wa tajiri mmoja huku Igunga. Hana mkataba, analipwa fedha kidogo kila mwezi na mtamba mmoja kwa mwaka. Mwezi uliopita dume lilimbana kwenye nguzo ya zizi, paja likavunjika. Tajiri alitoa nauli ya hospitali, sasa anasema aliyemuumiza ni ng'ombe, si yeye. Afanyeje?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Haki ipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haiulizi kama kilichomvunja mtu ni mashine au fahali; inauliza kama aliumia akiwa katika kazi ya mwajiri wake. Mchungaji ni mfanyakazi kama dereva wa lori au karani.

Kukosa mkataba wa maandishi kusiwatishe. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na shauri likifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, mwajiri asiyekuwa na karatasi ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Nyie kusanyeni ushahidi sasa, kumbukumbu zikiwa bado mbichi: ujumbe wa malipo kwenye simu, majina ya wachungaji wenzake, mwenyekiti wa kitongoji anayemfahamu, hata daftari la josho kama aliwahi kuandikwa ndiye aliyeleta mifugo. Ule mtamba nao utajeni, maana ni sehemu ya ujira wake.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya siku 7, na madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali itokee. Kwa hiyo bado mna muda, ila msiulalie. Tajiri akigoma, nendeni wenyewe kwa Ofisa Kazi wa mkoa, Tabora mjini, mkiwa na karatasi za hospitali. Kama hakujisajili na Mfuko, kosa ni lake, na hilo nalo mliseme wazi.

Mfuko unagharimia matibabu. Akiwa hawezi kufanya kazi, hulipwa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Mguu ukipona kwa ulemavu, daktari atapima kiwango chake: asilimia 30 kushuka chini hulipwa kwa mkupuo, zaidi ya hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Jambo moja tunalisisitiza kwa uchungu kwa sababu linawaumiza wengi: kaka yako asiweke dole gumba kwenye karatasi yoyote ya "tumemalizana" kwa kupewa mbuzi wawili na pole. Na kila anapotibiwa, amwambie daktari aandike kwenye cheti kwamba ameumia kazini. Cheti kikisema "ameanguka" tu, mtahangaika sana baadaye.

SWALI: Tunachanja na kupakia ng'ombe mnadani, Nzega. Kila msimu kuna mtu anavunjika mkono au kukatika kidole. Tunakosea wapi?

JIBU: Mara nyingi ni kibanio (njia nyembamba ya kumbana ng'ombe asimame) na kamba. Kibanio kikiwa kipana ng'ombe hugeuka ndani yake, na hapo ndipo watu hupigwa pembe. Kwa ng'ombe wetu wa asili upana wa sentimita 70 hivi unatosha. Acheni na pengo la sentimita 40 kwenye uzio, mtu apenye akikimbizwa.

Mkono huvunjika hivi: mtu anasukuma boriti nyuma ya ng'ombe, kiganja kikiwa bado kati ya boriti na nguzo. Ng'ombe anarudi nyuma ghafla, na kilo 300 zinatua kwenye mfupa. Boriti isukumwe kwa kushika ncha yake, mtu akiwa nje ya kibanio, pembeni. Kidole nacho hukatwa na kamba iliyozungushwa kiganjani. Usiizungushe mkononi kamwe. Ipitishe kwenye nguzo, nguzo ivute.

Aliyevunjika asikandwe wala kunyooshwa. Funga banzi mbili zivuke kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko, mpeleke hospitali. Kidonda cha zizini kioshwe kwa maji safi mengi, na chanjo ya pepopunda isicheleweshwe: samadi ndimo vijidudu vyake vinapokaa.

SWALI: Nasaidia ng'ombe kuzaa kwenye zizi la mwajiri, Kasulu. Homa haiishi, viungo vinauma, usiku natoka jasho. Malaria haionekani.

JIBU: Pole, ndugu. Mwambie daktari kazi yako na uombe kipimo cha brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, hasa kama kuna ng'ombe waliotupa mimba. Ikithibitika, dawa huwa mbili kwa pamoja kwa wiki zisizopungua 6. Ukiacha njiani hurudi. Ugonjwa uliotokana na kazi nao hulipiwa fidia, hivyo tunza majibu ya maabara. Kondo la nyuma usilishike tena bila glavu ndefu.