Kabla ya Kuitibu Mbegu kwa Plazma, Ujue Itakunywa Maji ya Namna Gani

Kila vuli inapokaribia, wakulima wenzangu wa hapa Muheza huniuliza kama ni kweli kwamba mbegu iliyopitishwa kwenye plazma huota hata mvua ikiwa haba, kwa kuwa wanajua niliifanya kazi hiyo nilipokuwa masomoni nje ya nchi. Jibu langu ni kwamba plazma huisaidia mbegu kunywa maji, lakini haiwezi kuitafutia maji yasiyokuwapo, wala hewa pale maji yanapozidi.

Plazma ni gesi iliyopigwa na umeme mkali hadi atomi zake zikaachana na baadhi ya elektroni zake, kama inavyotokea katika njia ya radi. Inayotumika kwa mbegu huitwa plazma baridi, kwa sababu elektroni ndizo zenye joto kali ilhali gesi yenyewe hubaki karibu na joto la chumba. Mtambo wetu ulikuwa na mabamba mawili ya chuma, moja likiwa limefunikwa kwa kioo, na mbegu zililala katikati chini ya mwanga wa zambarau, huku harufu ya gesi ya ozoni ikitukumbusha karakana ya kuchomelea vyuma.

Jambo lililonifanya niiamini kazi ile lilikuwa tone moja la maji. Nililidondosha juu ya punje ya hindi ambayo haijatibiwa, likasimama mviringo kama umande juu ya jani la gimbi. Nilipolidondosha juu ya punje iliyotibiwa, lilitandaa papo hapo na kulowanisha ganda. Plazma hulibadilisha ganda kwa juu, likaacha kuyakataa maji, na pia huua sehemu ya ukungu unaojificha juu yake. Faida hiyo ni kubwa, kwa kuwa punje ya hindi huhitaji kunywa maji yanayokaribia theluthi ya uzito wake kabla haijatoa mzizi.

Baadaye tulizigawa mbegu katika maji ya aina tatu, na kila kundi lililotibiwa lilikuwa na lenzake la kulinganishia. Palipokuwa na unyevu wa kutosha, zilizotibiwa zilitangulia, lakini kufikia siku ya 7 zile nyingine zilikuwa zimezikaribia sana. Tofauti kubwa niliiona kwenye sahani za ukame wa wastani, ambamo maji yalichanganywa na polietilini glikoli ili mbegu iyapate kwa taabu. Katika maji yaliyotuama mahindi yalioza, yawe yametibiwa au la, kwa sababu oksijeni hupita ndani ya maji taratibu mno kuliko hewani. Mpunga una njia yake ya kuanza kuota palipo na oksijeni kidogo. Mahindi hayastahimili hali hiyo.

Kipimo nacho kina hatari yake. Siku moja nilizidisha muda, nikidhani kwamba dakika nyingi zitaleta nguvu nyingi, na mizizi ikatoka mifupi yenye ncha za kahawia. Nilisikitika, kwani zilikuwa mbegu nzuri. Kwa hiyo ukiletewa mbegu zilizotibiwa, uliza zimekaa kwenye mtambo kwa muda gani, kisha omba nyingine za mfuko uleule ambazo hazikutibiwa, uzioteshe pamoja na kuzihesabu siku ya 4 na ya 7. Usijaribu kamwe kujiundia mtambo nyumbani: umeme wake unaua, na ozoni hudhuru mapafu.

Hofu yangu kubwa ni kwa wale wanaopanda udongo ukiwa bado mkavu. Mvua ya kwanza ya vuli mara nyingi hunyesha siku moja kisha jua likawaka wiki nzima. Mbegu inayokunywa upesi itatoa mzizi kwa mvua hiyo moja, na ikishautoa haiwezi tena kurudi kwenye ukavu na kubaki hai. Mbegu nzito kuamka ingeweza kungoja. Ndiyo maana nashauri mbegu iliyotibiwa ipandwe tu baada ya unyevu kufika chini ya kina cha kupandia, yaani zaidi ya sentimita 5.

Kwa asiye na mtambo, na ndio sisi karibu sote, kuloweka mahindi usiku mmoja kwa maji safi, kuyaanika kivulini hadi ganda likauke, kisha kuyapanda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu, hukaribia sana faida niliyoiona maabara. Mbegu zilizopakwa dawa ya rangi usiziloweke. Vuli hii nitapanda mbegu ya mahindi iitwayo Staha, iliyolowekwa, kwenye robo eka ya upande wa mteremko, na katikati yake mistari minne ya mbegu kavu za mfuko huohuo, ili nihesabu miche ya pande zote mbili.