Kabla hujamchora mwanajeshi mstaafu, angalia vifungo vyake kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia inboksi. Anasema anachora, watu wanamsifia, na sasa anataka kumchora baba yake ambaye alitumikia jeshi miaka mingi, akimaliza aendelee na wenzake baba aliokuwa nao kikosini. Kaniuliza, kaka nianzie wapi? Nikaanza kumjibu pale pale, maneno yakazidi, nikaona bora niandike hapa maana najua mpo wengi mnaoitamani hii kazi.

Mpaka sasa nimechora wanajeshi wastaafu 41. Nasema hivyo kwa fahari kabisa, kwa sababu kila mmoja nilikaa naye au nilikaa na familia yake, hakuna hata mmoja niliyemuokota mtandaoni nikamchora kimya kimya. Ila wa kwanza nilimkosea, na huyo ndiye aliyenifundisha karibu kila kitu ninachokijua.

Alikuwa mzee wa miaka 80 na zaidi. Mjukuu wake ndiye alinipa picha, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, mzee akiwa kijana kwenye magwanda ya sherehe na medali tatu kifuani. Nikaiskani, nikaikuza, nikapiga gridi, yaani vimraba vya kunisaidia kunakili vipimo, nikafanya kazi wiki tatu usiku usiku. Zile medali nilizichora moja moja mpaka mistari ya utepe, nilijiona fundi kweli kweli. Siku ya kumpelekea nilikuwa na uhakika mzee atalia. Akaishika fremu akaiangalia muda mrefu, hakulia, hakusema kitu, akaiweka mezani. Alafu akamwambia mjukuu wake kwa sauti ya chini, huyu siyo mimi, huyu ni mwanangu siku nikishakufa.

Sikuelewa. Nilidhani ni uzee tu unaongea. Mjukuu ndiye akaja kunieleza tukiwa mlangoni. Jeshi alilotumikia babu yake linafuata utaratibu wa Waingereza, na kwa utaratibu huo mwenye medali anazivaa kifua cha kushoto. Kifua cha kulia ni cha ndugu wa marehemu, mtoto au mjukuu anazivaa kule siku ya kumbukumbu kuonyesha kwamba hizi si zangu, ni za mtu wangu aliyetangulia. Na mi nilikuwa nimempachika zote kulia! Picha ile ilisafishwa negativu, ile filamu yake, ikiwa imelala kinyume, kwa hiyo kushoto kukawa kulia, na mimi nisiyemjua mzee uso wake ukiwa umegeuzwa ningegundua vipi? Niliona mtu tu. Mke wake angegundua kwa sekunde moja lakini sikumuuliza mke wake, sikumuuliza mtu yeyote, nilikuwa na haraka ya kumshangaza.

Mpaka leo inaniuma, sitadanganya.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabla hujashika penseli ni vifungo. Koti la mwanaume kwa kawaida upande wake wa kushoto ndio unalala juu ya wa kulia, ukiona kinyume basi simama, uliza. Angalia na medali, na maandishi yoyote yaliyopo kwenye picha. Wala msidhani ni tatizo la picha za zamani tu, simu nyingine zikipiga selfi zinaihifadhi ikiwa imegeuka kama kwenye kioo.

Nilirudi kwa yule mzee baada ya siku kumi. Niliomba msamaha, nikaomba nikae naye bila kuchora chochote, akakubali, tukakaa mchana mbili. Akanihadithia baridi ya zamu za usiku, viatu, barua zinazofika zimechelewa miezi. Mchana wa pili akaniambia ile medali ya tatu hajawahi kuipenda, kuna rafiki yake walikuwa pamoja siku ile, rafiki hakurudi, na kwa maoni yake ilikuwa ya rafiki. Akaniomba nikichora upya nimuwekee mbili. Mjukuu alipinga sana, akasema babu utapunguza heshima yako, mzee akamjibu heshima yangu naijua mwenyewe. Nikachora mbili. Hiyo potreti ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya na wala sijaipost popote, iko ukutani kwake.

Sasa jiulize, picha gani ingekuambia hayo? Ndio maana nasema kaa na mtu kwanza, sikiliza.

Kuhusu makovu, tafadhali usiyafute ukidhani unamheshimu mtu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kulikuwa na Mwingereza anaitwa Henry Tonks, alisomea udaktari wa upasuaji kabla ya kuwa mwalimu wa kuchora, na kuanzia 1916 akawa anawachora kwa pasteli, zile chaki za rangi, askari walioharibika nyuso, wagonjwa wa daktari Harold Gillies kule Aldershot. Aliwachora vile vile walivyo, taya limeondoka, pua haipo, na bado ukiwatazama macho yao unaona mtu anayekutazama. Mi nilipoziona zile kazi niliacha kabisa kulainisha ngozi za watu. Lakini uliza. Kuna mama mmoja mwanajeshi aliniambia kovu la shingoni weka, la shavuni acha, nikafanya hivyo hivyo bila kuuliza sababu.

Vifaa havina siri kubwa. Penseli ya HB ya kupanga, 2B na 4B za ngozi (namba ya B ikipanda penseli inakuwa laini na nyeusi zaidi), na pale penye weusi mzito kama bereti tumia mkaa, maana 6B ukiikandamiza inang'aa na ukiipiga picha inatoka kijivu. Kofia za jeshi zinatupa kivuli machoni, hapo wengi wanabuni macho. Usibuni, omba picha nyingine.

Na nyuma ya karatasi andika jina lake, kikosi chake, miaka aliyotumikia, na jina lako. Hili nalisema kwa uchungu. Kuna watu waliniomba potreti 12 za sherehe yao, nikazifanya kwa miezi minne bila kudai kitu, nikafika siku yenyewe nakuta zimetundikwa bila jina hata moja, la kwangu kutokuwepo, sawa, lakini hata ya wale wazee? Wageni wanapiga selfi mbele ya mtu aliyeacha ujana wake vitani na hawajui anaitwa nani. Mmoja wa wazee hao niliowachora alikuwa hai, amekaa safu ya nyuma. Jamani, kama hutaki kuandika jina la mtu usimchore, mwache apumzike.

Dada, ile picha ya baba uliyonitumia nimeikuza. Vifungo viko sawa, haijageuzwa. Ila pembeni ya jicho la kushoto kuna kitu, sijui ni kovu au ni doa la picha. Mpigie simu mzee umuulize, na akianza kuhadithia usimkatishe.