Kabla hujakubali ukalimani wa jeshi

Vijana wanaojiandaa kwenda kulinda amani nje huniuliza mkalimani wa jeshi anahitaji nini. Wanategemea nitaje msamiati. Mimi nawaambia: moyo wa kumwambia mkubwa wako, "Afande, sijaelewa, niruhusu nimuulize tena."

Hilo lilinifika Februari 1979, kwenye vita na Idi Amin, jeshi letu la Tanzania, JWTZ, likiwa limeshavuka mpaka wa Mutukula kuelekea Masaka, Uganda. Ukalimani sikuusomea, nilikulia mpakani, Kiganda nikakiokota utotoni, basi. Mateka hawakunihitaji, maana askari wa Amin walisema Kiswahili, lugha ya jeshini tangu enzi za KAR, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni. Kazi ilikuwa kwa raia. Wengi walikielewa Kiswahili ila hawakutaka kukitia mdomoni: kwao kilikuwa lugha ya mwenye bunduki anayegonga mlango usiku. Ukianza kwa Kiganda na "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (mama), unaona mabega yanashuka.

Siku moja mzee mmoja alituambia kuna kifaru nyuma ya migomba. Neno alilotumia ni hili hili letu, nami nikalipitisha mbiombio: "Afande, kifaru kimoja." Tukalala kifudifudi kwenye umande tangu alfajiri hadi jua likatuchoma migongo. Kumbe ni katapila bovu la kuchongea barabara! Mzee hakudanganya, kwake kila chenye minyororo ni kifaru. Ningemuuliza tu, "Kina mzinga?" Neno geni utauliza maana yake. Neno ulilolizoea hukuponyoka kabla hujalitazama.

Mengine ni madogo. Unayemtafsiria akisema "mimi", nawe sema "mimi". Ukianza na "anasema eti", umeshatia chumvi yako. Simama pembeni, nyuma kidogo ya bega, wanaozungumza watazamane. Ukichoka sema, kwa sababu masikio huendelea kusikia wakati kichwa hakishiki tena.

Na usilainishe. Hapa nilikosea mara nyingi, kwa huruma. Afande anasema "ondokeni sasa hivi", mimi namwambia mama "mjiandae kuondoka", naye anarudi ndani kutafuta sufuria.

Yule mzee wa katapila, tulipokuwa tunaondoka, alinishika mkono akauliza kama mkubwa wetu amemkasirikia. Afande alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nikajibu mwenyewe, "Hapana, ssebo," bila hata kumgeukia.