Maoni ya majaji walioshindwa kura

Ndugu, umeuliza maoni ya majaji walioshindwa kura yana kazi gani ilhali hayabadilishi hukumu. Soma kesi ya Lambert dhidi ya Ufaransa, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, 2015. Kwa kura 12 kwa 5, majaji waliona kumwondolea Vincent Lambert, Mfaransa aliyeumia vibaya ubongo na kupoteza fahamu, chakula na maji ya mrija hakukiuki haki ya kuishi. Wengi walijikita kwenye taratibu na nafasi ya kila nchi kujiamulia. Wale watano walioshindwa ndio waliotupeleka kitandani kwa mgonjwa: alikuwa anapumua bila mashine, tumbo lilisaga chakula, ila kumeza kulimpa shida. Wakaandika kwamba mahakama imepoteza jina lake la heshima, “Dhamiri ya Ulaya”. Mimi niko na wengi, lakini ukurasa huo wa watano bado unaniuma.