Gari la Zamani Likitetemeka: Majibu ya Maswali Yenu

Maswali mliyoniletea safari hii yanafanana: gari lina umri, injini inatetemeka, na mwenye gari ameshanunua kifaa kimoja au viwili bila nafuu. Inaniuma kuona fedha zinakwenda hivyo, kwa sababu mtetemo ni ugonjwa unaojieleza. Una saa yake ya kuja na saa yake ya kuondoka. Kabla ya kununua chochote andika: gari limesimama au linakwenda? Injini ni ya baridi au imeshapata moto? Gia gani, raundi ngapi, AC imewashwa? Fundi akipata majibu hayo, nusu ya kazi imeisha.

Shikamoo fundi. Gari langu ni otomatiki, silinda nne. Nikisimama kwenye taa nikiwa D, usukani na kiti vinatetemeka. Nikiweka N linatulia. Plagi nimeshabadilisha zote.

Marahaba. Plagi zako huenda hazikuwa na kosa. Ukiwa D huku umeshika breki, injini inasukumana na giaboksi na kuegemea mauntingi, yale mapande ya mpira na chuma yanayoikalisha kwenye bodi. Ukiweka N mzigo huo unaondoka.

Anza na mshale wa raundi. Injini nyingi za silinda nne hutulia kati ya raundi 600 na 800 kwa dakika. Ukitia D na mshale ukaanguka chini ya kiwango cha gari lako, kwanza safisha throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) na njia ya hewa ya mwendo wa chini. Mshale ukibaki mahali pake, shuku mauntingi. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu barabara, mtu mwingine asimame ubavuni mwa gari, asikae mbele wala nyuma yake, aitazame injini wakati unahamisha R kwenda D. Ikiinuka au kulala sana upande mmoja, mauntingi ya upande huo imechoka.

Angalia pia madoa ya majimaji. Baadhi ya mauntingi zina kimiminika ndani. Kikivuja, mpira utaonekana mzima ilhali hauzuii tena kitu. Na ukinunua mpya, usichukue yenye mpira mgumu kwa kudhani itadumu. Mpira mgumu unapitisha mtetemo mwingi zaidi kwenye bodi, na watu wengi hurudi kulalamika baada ya kufunga kifaa kipya. Bolti zikazwe kabisa injini ikiwa imeshakaa kwa uzito wake wote, la sivyo mpira unabaki umejipinda tangu siku ya kwanza.

Langu linatetemeka gia yoyote, hata N, na mlio wa ekzosi haulingani. Fundi anasema injini ifunguliwe yote na kusukwa upya. Nifanyeje?

Usikubali kabla hujaonyeshwa silinda ipi imelala, yaani haiwaki, na kwa nini. Silinda nne zikiwaka zote kwenye raundi 750, kuna milipuko 25 kila sekunde, nawe unaihisi kama mngurumo tu. Moja ikilala, pengo lake linarudi mara 6 hivi kwa sekunde. Huo ndio mtikisiko mzito unaokutingisha kitini, na ndiyo maana wanasema gari linamisi.

Kuitafuta silinda hiyo ni kazi ya muda mfupi. Injini ikiwaka, chomoa soketi ya umeme ya nozeli moja (kinachopulizia petroli kwenye silinda), sikiliza, irudishe, nenda ya pili. Ukiinyima mafuta silinda isiyo na kosa, injini itayumba zaidi na raundi zitashuka. Ukiinyima ile iliyolala, hutaona tofauti. Nasisitiza nozeli, wala si waya wa plagi, kwa sababu waya huo una maelfu ya volti, na petroli isiyoungua huenda kuichoma katalaiza, kile kisafishi cha moshi kwenye ekzosi. Gari la kabureta halina soketi hizo. Hapo zima injini, chomoa waya mmoja, ncha yake iguse chuma cha injini, ndipo uwashe tena.

Ukishaipata, hamisha koili yake (inayoipa plagi umeme) kwenye silinda ya jirani. Tatizo likihama na koili, umemaliza. Fanya hivyo hivyo kwa plagi, halafu nozeli. Kama halihami, ndipo upimwe kompresheni, yaani msukumo wa hewa inayobanwa ndani ya silinda: injini iwe ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya bar 10 na 13, lakini mimi huangalia zaidi ulingano. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, hapo pana jambo. Tia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Kisipopanda, hewa inatokea kwenye valvu au gasketi, na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Kwenye injini ambazo tepeti (nafasi kati ya valvu na kinachoisukuma) hupimwa kwa mkono, kuna kosa moja linalosababisha watu wasuke injini bure. Tepeti ikibana mno, valvu haifungi vizuri na kompresheni inaanguka kama vile injini imekufa. Mwambie fundi wako apime nafasi ya tepeti kabla ya kutamka neno kusuka.

Raundi zinapanda na kushuka zenyewe gari likiwa limesimama. Nikikanyaga mafuta, mtetemo unaisha.

Kuna hewa inayoingia kwa wizi. Mipira midogo inayotoka kwenye manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa) hukauka na kupasuka kwa uzee, mara nyingi upande wa chini usioonekana. Chukua kipande cha mpira mrefu, ncha moja sikioni, ncha nyingine uitembeze kwenye viungo. Penye tundu utasikia mfyonzo. Wapo wanaopulizia petroli kwenye injini ya moto ili kutafuta tundu. Tafadhali usifanye hivyo, moto wake hauna msamaha.

Pikapu ya dizeli, ya zamani. Asubuhi inatikisika na kutoa moshi mweupe, baada ya dakika chache inatulia.

Moshi huo ni dizeli iliyopita bila kuungua. Pima plagi za moto moja moja, maana mbili zikifa, silinda zake hazipati joto la kuanzia. Zikiwa nzima, tazama nozeli na hewa kwenye njia ya mafuta, hasa kama gari lililala muda mrefu kabla ya kuwashwa.

Kwa pampu za zamani fundi anaweza kulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja huku injini ikiwaka, kuona kama mlio unabadilika. Avae miwani na glavu. Njia hiyo ni ya pampu za zamani peke yake. Dizeli za komoni reli, zile za kisasa ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la msukumo mkubwa, zina msukumo unaovuka bar 1,000, na mafuta yakitoka hapo yanapenya ngozi ya mkono. Jeraha la namna hiyo ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo.

Nikifika kilomita 90 kwa saa ndipo linatetemeka. Ni injini?

Simamisha gari, weka N, pandisha raundi mpaka zilipokuwa ulipokuwa ukienda 90. Kukiwa kimya, injini haina hatia: kapige balansi ya matairi, kagua rimu, na kwa gari linalosukuma nyuma, misalaba ya propela. Mtetemo ukija pale tu unapokanyaga mafuta na kuondoka ukiachia, tazama sivi jointi za ndani, yaani viungo vya ekseli za magurudumu upande wa giaboksi.

Nilibadilisha taimingi belti. Tangu siku hiyo injini ina nguvu zake zote lakini inavuma na kutetemeka nikipandisha raundi.

Swali hili limenifurahisha. Injini ya silinda nne ina kasoro ya maumbile: pistoni mbili zinazopanda hazifuti kabisa nguvu za mbili zinazoshuka, na kinachobaki hutikisa injini mara mbili kwa kila mzunguko wa krenki, shafti kuu ya injini. Injini ya silinda sita kwa mstari haina tatizo hilo. Mwingereza Frederick Lanchester, mwanzoni mwa karne ya 20, alibuni dawa yake: shafti mbili zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka kinyume cha mwenzake kwa kasi mara mbili ya krenki. Mitsubishi waliileta kwenye magari yao mwaka 1975.

Kwenye injini zenye shafti hizo, alama zake lazima zipangwe pamoja na za taimingi. Zikikosewa, injini inawaka na kuvuta vizuri, ila shafti inaongeza mtetemo badala ya kuufuta. Katika injini ya Mitsubishi iitwayo 4G63 kuna mtego mmoja zaidi: shafti inayoendeshwa na gia ya pampu ya oili inaweza kuwa imegeuka nusu mzunguko huku alama ya nje ikisoma sawa. Fundi afungue kizibo kilichoko ubavuni mwa bloku, aingize bisibisi nene ya milimita 8. Ikizama milimita 60 au zaidi, shafti iko sawa. Ikigota mapema, azungushe gia mzunguko mmoja, alama ikutane tena, ajaribu upya.

Kama injini yako haina shafti hizo, kagua puli ya krenki. Katikati yake kuna mpira unaomeza mitikisiko. Piga mstari wa rangi kutoka kitovuni hadi ukingoni, tembea siku chache. Mstari ukikatika, mpira umeachia, na alama za taimingi kwenye puli hiyo zinakudanganya.

Nikikanyaga klachi, mtetemo unapotea.

Basi chanzo kiko kwenye klachi pleti au ndani ya giaboksi. Mtetemo ungebaki, ningetafuta kwenye injini yenyewe, flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya injini), au vinavyozungushwa na fanbelti.

Je, naweza kuendelea kulitumia hivyo hivyo mpaka nipate nafasi?

Kwa mauntingi iliyochoka, siku chache za mwendo wa taratibu hazina shida kubwa, ilimradi haijakatika kabisa na injini haivuti mabomba wala nyaya. Kwa injini inayomisi, tazama taa ya injini. Ikiwaka tuli, lipeleke likapimwe mapema. Ikiwa inapepesa, petroli inaungulia kwenye ekzosi na katalaiza inaweza kupata moto wa kuyeyuka: punguza mwendo mara moja, na ikiendelea kupepesa, simama pasipo na nyasi kavu, zima, litafutiwe la kulivuta.