Mechi imeisha 2–2: taji ni la nani?

SWALI: Nilicheza na bingwa wa klabu yetu ya sataranji michezo minne, tukatoka 2–2. Mwandalizi akasema taji linabaki kwake, eti ndivyo inavyofanywa kwenye ubingwa wa dunia. Ni haki? – Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Ndugu yangu, kanuni hiyo ilikuwepo. Mabingwa wa dunia waliponea kwayo: Botvinnik 1951 na 1954, Kasparov 1987, zote 12–12; Kramnik 2004, 7–7 na mpinzani wake Leko. Lakini tangu pambano la 2006, pointi zikilingana huongezwa michezo ya muda mfupi. Ding Liren alitwaa taji hivyo mwaka 2023.

Kinachonichosha ni kauli ya wanaotetea kanuni hiyo, kwamba mpinzani anahitaji kumzidi bingwa kidogo tu: "mbona ni nusu pointi tu". Pigeni hesabu. Chukua wachezaji wa nguvu sawa, ambao katika kila michezo kumi hutoka sare sita na kushinda miwili kila mmoja. Kwa michezo 24, bingwa hubaki na taji kama mara 56 katika 100. Kwa 12, mara 59. Kwa minne, karibu 66! Mechi ikifupishwa, kulingana kunazidi, na bingwa wenu amependelewa kuliko Botvinnik.

Wale wa barazani watawauzia "wa kwanza kushinda sita", sare zisihesabiwe. Karpov na Kasparov walianza hivyo Septemba 1984. Baada ya michezo 48, 40 ikiwa sare, pambano likavunjwa Februari 1985 bila mshindi. Armagedoni nayo, yaani mchezo mmoja wa kuamua, nyeupe dakika 5, nyeusi 4 na sare ni ya nyeusi, ni upendeleo uleule uliobanwa kwenye mchezo mmoja.

Chezeni michezo sita au minane, rangi zikipokezanwa. Mkilingana, ongezeni miwili ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Mkilingana bado, chezeni miwili miwili ya dakika 3 na sekunde 2 mpaka mmoja aongoze. Saa ya mishale haina nyongeza: badala ya 15 na nyongeza, mpeni kila mmoja dakika 25, mkijua kuna atakayeshindwa kwa muda huku kete zake zinashinda.

Kama hamkuandikiana kitu, dai michezo hiyo ya ziada. Na jihadharini na waandalizi wa namna hii popote: 1951 kanuni ilijulikana kabla kete ya kwanza haijasogezwa, anayeitaja baada ya mchezo wa mwisho ameshaona itamfaa nani.